Dawa ya presha haipatikani Lamu? Anza hivi kabla vidonge havijaisha

Asalaam aleikum jamani. Nianze kwa kusema mimi si daktari wala muuguzi, mamangu ana presha mwaka wa kumi na moja huu na kati ya watoto wake wote mimi ndo nimebaki hapa Amu, kwa hivyo kazi ya kuhakikisha vidonge havikatiki ni yangu. Mara tatu vimekatika mkononi mwangu. Mara ya kwanza nilijua siku ile ile mama aliponionyesha karatasi tupu akasema "mwanangu hii ndo ya mwisho, nimekunywa jana", na nikatoka mbio mpaka kemisti ya kwanza, hakuna, ya pili hakuna, dirisha la dawa hospitalini wakanambia labda wiki ijayo. Haya ninayoandika ndo ningependa mtu aniambie mimi siku ile.

Hesabu siku, usihesabu vidonge

Mtu wa Mombasa akikosa dawa Kisauni anapanda matatu anaenda Mwembe Tayari. Sisi dawa yetu inapanda basi, inapita Malindi, Garsen, Witu, inafika Mokowe halafu inasubiri boti. Mwisho wa 2023 mvua ilipozidi barabara ya Garsen ilikatika kwa maji na mabasi yakasimama. Kusi nayo ikivuma ile ya mwezi wa sita na wa saba, mtu wa Faza au Kiwayu anaweza kukaa siku mbili tatu anaangalia bahari tu. Ongeza sikukuu, ongeza wikendi. Kwa hivyo vidonge saba si wiki moja ya usalama, ni kama siku mbili hivi za kutafuta.

Mimi nimeweka mpaka wa siku 14. Nikileta dawa mpya nachukua kalamu nyekundu, nahesabu kutoka mwisho vidonge kumi na nne, nachora mstari pale nyuma kwenye karatasi ya fedha. Mama hajui kusoma maandishi ya kwenye boksi lakini mstari anauona, akiufikia ananiita. Na kama mgonjwa wako anakunywa mara mbili kwa siku basi siku 14 ni vidonge 28, hapa watu wengi huteleza.

Ukiufikia mstari ndo unaanza kutafuta, hata kama unajua tarehe ya kliniki ni wiki ijayo na watakupa. Wakikupa ni kheri, wasipokupa bado una wiki.

Ijue dawa yako kwa jina lake la kweli

Watu wengi ukiwauliza wanakunywa nini wanakwambia "kile cheupe kidogo". Vidonge vyeupe vidogo viko mia. Kila dawa ina majina mawili, jina ambalo kampuni imeipa, lile la maandishi makubwa kwenye boksi, na jina la dawa yenyewe ambalo mara nyingi limeandikwa kidogo chini yake. Norvasc kwa mfano ni amlodipini, Cozaar ni losartani, Adalat ni nifedipini. Ukiingia dukani ukaulizia Norvasc unaweza kuambiwa hakuna na hapo nyuma ya muuzaji kuna boksi kumi za amlodipini ya kampuni nyingine, dawa ni ile ile na bei ni nafuu zaidi. Uliza kwa jina la dawa yenyewe.

Kwenye simu yako weka picha nne: boksi upande wa mbele, karatasi ya vidonge upande wenye maandishi, cheti cha daktari, na kitabu cha kliniki ukurasa wa mwisho. Cheti kikisema OD maana yake mara moja kwa siku, BD ni mara mbili. Angalia nguvu pia, miligramu 5 na 10 si kitu kimoja. Na angalia herufi za mwisho, tafadhali sana. Hapa wacha niwaambie nilivyofanya.

Mama anakunywa amlodipini ya 10 na losartani H. Mwaka juzi losartani H ilipotea hapa, nikampigia binamu yangu Malindi, nikamwambia "ninunulie losartani ya hamsini, za mwezi mzima". Akanunua, akaituma na basi, nikavuka Mokowe kuichukua, nikarudi najiona mwanamume. Wiki ya tatu mama analalamika kichwa kizito, viatu vinambana, nikampima nikapata 168 kwa 97 na yeye siku zote hucheza kwenye 130 na kitu. Nikachukua boksi jipya na boksi kuukuu nikayaweka pamoja mezani. Moja limeandikwa losartani, jingine losartani na pembeni yake herufi H peke yake, ndogo, unaweza kudhani ni pambo. Ile H ni dawa ya pili ndani ya kidonge hicho hicho, ya kutoa chumvi na maji kwa mkojo, HCTZ wanaiita. Nilikuwa nimemkata mama dawa moja nzima wiki tatu na nikamlipia mtu nauli ya kuileta. Kosa langu, binamu alinunua alichoambiwa. Siku hizi situmi maneno kwa simu, natuma picha.

Tafuta kwa mpangilio, usizunguke tu

Anza hospitalini au zahanati unapohudhuria kliniki. Uliza dirishani mambo mawili: dawa hii imeisha kabisa au imeisha nguvu hii tu, na mzigo unatarajiwa lini. Lile la kwanza lina faida kubwa kwa sababu saa zingine amlodipini ya 10 hakuna lakini ya 5 imejaa, na vidonge viwili vya 5 ni sawa na kimoja cha 10, lakini waambie wakuandikie upya kwenye cheti ili mtu mwingine nyumbani asije akampa mgonjwa kimoja au vinne. Hospitali za umma huagiza dawa KEMSA, lile shirika la serikali la kusambaza dawa, kupitia kaunti, pesa za kaunti zikichelewa na mzigo huchelewa, kwa hivyo yule dada wa dirishani hana makosa, usimpigie kelele, utamhitaji mwezi ujao. Mimi namba yake ninayo na nampigia kabla ya kutoka nyumbani.

Uliza pia vituo vingine vya umma. King Fahd, hospitali kubwa ya hapa Amu, ikikosa haimaanishi Mpeketoni wamekosa, wala Witu, wala Faza. Na kama hujajisajili SHA, bima ya afya ya serikali, jisajili, NHIF ya zamani iliondoka mwezi wa kumi 2024, kitambulisho chako kiwe tayari, usianze mambo ya usajili siku ambayo kichwa kinauma.

Kisha kemisti za mjini, piga simu zote kabla hujatembea. Kisha Malindi, kisha Mombasa. Ukipata mtu wa kukutumia, mwambie aulize tarehe ya kuharibika, aombe risiti, na dawa zibaki ndani ya boksi lake, zifungwe kwenye plastiki kwa sababu ya maji ya boti. Zisikae mbele kwenye kioo cha basi juani, vidonge vingi vinataka joto lisizidi nyuzi 30 na pale kwenye dashibodi ni tanuri.

Na tukiwa hapo, dawa ikipotea sokoni ndo wale watu wa mifuko hutokea. Vidonge vilivyokatwakatwa havina tarehe, boksi limeandikwa jina kwa makosa ya herufi, bei imekuwa nusu ghafla. Achana nao. Nunua duka lenye leseni ya Pharmacy and Poisons Board imebandikwa ukutani na mtu anayeweza kukujibu maswali.

Imekosekana kote: omba mbadala, usijitengenezee

Hapa ndo pana uzito kuliko kwengine kote. Dawa za presha ziko kwa makundi, na karibu kila kundi lina ndugu. Enalaprili ikikosekana kuna lisinoprili, au wakuhamishie losartani. Amlodipini ikikosekana kuna nifedipini ya kukaa muda mrefu. Sikwambii hivi ili ukanunue, nakwambia ili ujue kwamba kukosa dawa yako si mwisho wa njia, daktari au klinika ofisa anaweza kukubadilishia siku hiyo hiyo na foleni ikawa ni asubuhi moja tu. Watu wanakaa mwezi mzima bila dawa wakisubiri "yangu ije" na ndugu yake iko dirishani.

Kubadilisha kuna hesabu zake, ndo maana anatakiwa mtaalamu. Ukienda mwambie haya bila kuulizwa: magonjwa mengine uliyonayo hasa sukari, figo, moyo na pumu, dawa zote unazokunywa, na dawa yoyote iliyowahi kukudhuru. Kama enalaprili ilikuletea kikohozi kikavu kisichoisha, sema. Kama iliwahi kukuvimbisha midomo au uso, sahau jina lako kwanza kabla hujalisahau hilo. Mwanamke mwenye mimba au anayetarajia aseme kabla ya kitu chochote, kwa sababu enalaprili na losartani na ndugu zao hazifai kabisa kwa mimba, kuna nyingine kama methildopa ambazo wajawazito hupewa. Uliza pia urudi lini kupimwa, kawaida wiki mbili mpaka nne, na ukianzishwa jamii ya enalaprili au losartani uliza kama figo zako zinataka kipimo cha damu.

Kuazimana dawa sasa. Sisi watu wa Amu tunaazimana kila kitu, sukari, kanga, mpaka punda. Kuna mzee mtaani kwetu, ana pumu tangu ujana, dawa zake za presha ziliisha, mwenzake wa barazani akamtolea mfukoni karatasi ya atenololi, "hizi zimenifaa mimi wallahi". Alikunywa alasiri. Baada ya isha tukasikia anapumua kama mtu anayevuta maji kwa mrija mwembamba, kifua kinapiga filimbi, tukambeba. Atenololi na jamii yake zinaweza kubana kifua cha mwenye pumu. Alipona alhamdulillahi, na yule mwenzake alikaa wiki haji barazani kwa aibu na hali alitaka kusaidia tu.

Siku za katikati, dawa bado iko njiani

Kwanza jua dawa zako ni za aina gani ya kukatika. Klonidini, na zile za jamii ya atenololi, propranololi, bisoprololi, kavediloli, hizi hazikatwi ghafla. Klonidini ikikatika presha inaweza kuruka juu kuliko ilivyokuwa kabla hujaanza dawa, hizi nyingine moyo unaweza kwenda mbio, na mwenye ugonjwa wa moyo akapata maumivu ya kifua au zaidi. Ukiwa kwenye hizi usisubiri hata hiyo siku ya mwisho, nenda hospitali ukiwa bado na vidonge vya siku tatu nne, waambie "nakatikiwa na klonidini", watajua la kufanya.

Amlodipini ina hila tofauti. Inakaa mwilini muda mrefu na inatoka pole pole kwa siku kadhaa, kwa hivyo siku ya kwanza na ya pili bila dawa unajisikia uko sawa, presha ukipima iko sawa, unasema kumbe nimepona. Hujapona, unakula akiba. Ndo maana wengi hukata dawa wenyewe na kiharusi kikija baada ya miezi hakuna anayekumbuka ilianzia wapi.

Mambo ya kutofanya ambayo nimeyaona kwa macho yangu:

Kunywa siku moja kuruka siku moja ili zifike mbali, bila kumwambia mtu. Kama hakuna budi piga simu kwa kliniki wakupangie wao.

Kukata kidonge kwa kisu cha vitunguu. Vingine vinakatika na vina mstari katikati kwa kazi hiyo, lakini ukiona kwenye jina kuna retadi, SR, XL au herufi zozote za namna hiyo usikate, usisage, usitafune. Kile kimetengenezwa kitoe dawa kidogo kidogo mchana kutwa, ukikivunja inatoka yote mara moja.

Kunywa mbili kufidia ya jana. Jana imepita, endelea na ya leo.

Kuweka nifedipini chini ya ulimi presha ikipanda. Hii zamani ilifanywa hata hospitalini, ikaachwa kwa sababu presha inaweza kuanguka kwa kishindo na ubongo au moyo ukakosa damu. Bado wazee wanashauriana hivyo barazani.

Cha kufanya ni kupima, asubuhi na jioni, na kuandika. Mashine ya mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo. Kama huna, muulize mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wako, wale waliopewa mikoba mwaka 2023, ndani ya ule mkoba kuna mashine ya presha. Na pima vizuri. Nyumba zetu hizi za ngazi, mtu anapanda orofa ya pili anatweta anavalishwa mkanda hapo hapo, utapata namba ya ngazi. Mama namkalisha dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini haikukunjwa, mkono juu ya mto usawa wa moyo, mkono wa buibui umepandishwa juu kabisa si mkanda juu ya kitambaa, amekojoa, na kahawa imepita nusu saa. Kazi ngumu kuliko zote ni kumnyamazisha, maana akipita jirani dirishani lazima amjibu, na kuongea tu kunapandisha namba. Pima mara mbili, acha dakika moja katikati. Nyumbani tunataka chini ya 135 kwa 85, mgonjwa wako huenda amepewa lengo lake, fuata hilo.

Chumvi ndo mkono wa pili. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni pamoja na ile iliyomo ndani ya vitu. Ng'onda, papa mkavu, achari, vile vipande vya supu vya kwenye pakiti, bajia za jioni. Kwa wiki hizo za kungoja dawa sisi samaki tunapika mbichi, ndimu nyingi, tangawizi, pilipili, chumvi kidogo inawekwa mezani na mwenye presha hawekewi. Mama alinuna siku tatu. Ile chumvi mbadala ya dukani yenye potasiamu usimpe mtu wa losartani, enalaprili au mwenye figo mbovu bila kuuliza, potasiamu ikizidi inachezea moyo. Madafu kwa watu hao hao vile vile, si kutwa nzima.

Dawa za maumivu za kununua tu, diklofenaki, ibuprofeni, zinapandisha presha na zinachokoza figo. Panadol inatosha kwa magoti ya mzee. Dawa za mafua za kufungua pua nazo uliza kwanza. Miraa na muguka, vijana wangu wa jetini, zinapandisha presha, mnajua na mnajifanya hamjui. Kitunguu saumu, mlonge, kuumikwa, mimi sina neno, sunna ni sunna, ila visichukue nafasi ya kidonge na mwambie daktari unachokunywa.

Hapa usingoje tena

Mdomo kwenda upande, mkono au mguu mmoja kulegea, maneno kuviringika, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, macho kuona kiza ghafla, kichwa kinachopasuka kisichofanana na cha siku nyingine, kuchanganyikiwa. Hapo usipime mara tatu tatu, ondoka, punda, mkokoteni, boti, chochote kilicho karibu, na andika saa ilipoanza maana watauliza. Usimpe aspirini ukidhani ni kiharusi, hujui kama ni damu imeziba au imemwagika. Usimpe chakula wala maji kama anakwama kumeza.

Kama namba ni 180 au zaidi juu, au 120 na zaidi chini, na hana dalili yoyote katika hizo, mkalishe kimya, pima tena baada ya dakika tano. Bado iko pale? Piga simu hospitali na aonwe siku hiyo, usilale nayo. Watu wa Kiwayu, Ndau, Kizingitini, nyinyi amueni mapema zaidi, bahari ya usiku mnaijua wenyewe.

Dawa ikirudi

Hili karibu linishinde. Losartani H ilipotea tena mwaka jana, mama akabadilishiwa kliniki, akapewa enalaprili na kile kidonge cha mkojo mbali mbali kwenye vibahasha vya kaki. Mwezi wa pili losartani H ikaingia mjini, nikafurahi nikanunua nikaiweka kabatini nikaenda kazini. Jioni nakuta amejipangia kwenye kisahani cha kikombe cha kahawa: enalaprili, cha mkojo, losartani H, amlodipini, vinne vimekaa duara, yeye anangoja maji. "Si umeniletea yangu, na hizi si za daktari?" Losartani na enalaprili hazinywewi pamoja, zote mbili zinabana njia ile ile, presha inaanguka, potasiamu inapanda, figo zinaumia, na kile cha mkojo angekipata mara mbili.

Kwa hivyo ile ya zamani ikirudi usiianzishe mwenyewe. Rudi kliniki na zote mkononi, waulize ubaki na mbadala au urudi, wengine wanabaki na mpya na presha inakaa vizuri tu. Ukishaambiwa, ile isiyotumika itoke ndani ya nyumba siku hiyo hiyo, usiitupe baharini, irudishe dirishani. Vile vibahasha vya mama nilivirudisha kesho yake asubuhi, dada wa dirishani akavipokea, akaniuliza "na mstari mwekundu umeshachora?" Nikarudi nyumbani kuchora.